Kumi na Nne

Nilikuja Kayenze na hojaji ya kurasa sita,
biskuti za kuwatoa watoto aibu,
na neno moja la ofisini begani: utoro.
Mwalimu Nshoma akafungua kabati,
akapuliza vumbi, akanipa daftari la mahudhurio
lililoshonwa upya kwa uzi wa nyavu.
Wino wa buluu, amekuja. Mwekundu, hakuja.
"Hesabu mwenyewe," akasema. "Mimi nimechoka."

Nikahesabu.
Wekundu ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka,
kama kifua cha mtu aliyelala.
Nikatafuta sababu kwenye visanduku vyangu:
umbali, ugonjwa, umaskini, mengineyo.
Mama Holo wa uji akapita na sufuria,
akachungulia, akacheka mpaka mwiko ukamtoka:
"Huyo si mwezi huyo?
Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa,
alfajiri dagaa wanashuka, nani awaanike?
Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaijali taa,
na darasa linajaa mpaka dirishani."

Hojaji yangu haikuwa na kisanduku cha mwezi.
Nikakichora pembeni kwa mkono. Kikakaa upande.

Mwaloni, kabla jua halijagusa mawe,
Minza, namba kumi na tisa, alifukuza yangeyange kwa ufito.
Sare yake ilikuwa ndani ya rambo, imekunjwa,
imening'inizwa juu, isinuke.
"Kwa kipimo cha moja hadi tano,
unajisikiaje ukiwa shuleni?"
Akafikiri sana.
"Tano ndiyo kushiba?"

Walibaki wawili ambao mwezi haukuwaeleza.
Lugembe Masalu, kumi na nne: mwekundu tangu Aprili,
hata nukta ya buluu hana.
Malimi Masalu, kumi na tano: vivyo hivyo, pungufu ya wiki moja.
Watoro sugu, nikaandika,
nikapiga mstari chini, kwa rula.

Asubuhi nikaketi nyuma ya darasa.
Kumi na mbili. Nipo.
Kumi na tatu. Nipo.
Kumi na nne.
Nikalisikia ziwa.
Watoto arobaini na kitu walitazama madawati,
hakuna aliyekohoa.
Kumi na tano. Kimya tena, ila hiki kilikuwa chepesi,
mtu mmoja hata alipiga chafya.
Kumi na sita. Nipo.

Daftari lilipofungwa mlango ukasukumwa kidogo.
Akaingia mvulana, viatu vimelowa umande,
akakaa dawati la pili, ukingoni kabisa,
akaacha nafasi ya mtu,
akatoa kitabu cha hisabati.

"Huja kila siku," Mwalimu Nshoma aliniambia mapumzikoni.
"Husubiri nyuma ya lile jiwe mpaka majina yaishe.
Kaka yake alikwenda na mtumbwi usiku wa upepo,
wakampata siku ya tatu.
Jina halifutwi mpaka barua itoke wilayani.
Nikiliruka, mkaguzi ataniuliza.
Nikiliita..."
Akageuka, akafuta ubao uliokuwa safi.

Sikumpa Malimi hojaji.
Nilimpa biskuti. Akaivunja katikati,
akala nusu, nusu akaitia mfukoni,
wala sikuuliza ya nani.

Siku nane baadaye, chumbani kwangu Nyegezi,
kompyuta ilisoma safu zangu, ikasita
kwenye mstari wa kumi na nne:
*Taarifa haipo. Ijazwe kwa wastani?*

Nilikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa.
Nje, juu ya maji, mwezi ulikuwa mzima,
hakuna taa hata moja ziwani.
Kesho watajaa mpaka dirishani,
watabanana watatu watatu, wanne wanne,
na dawati la pili litabaki na nafasi.

Nikabonyeza hapana.
Ikaniuliza tena.